Mtoto Anapokataa Dawa: Anachokikataa Hasa, na Namna ya Kuifikisha Dozi Tumboni

Baridi inapoanza kubana Mbeya, Njombe na Makete, kuanzia Juni hadi Agosti, foleni za watoto wenye kikohozi hurefuka katika zahanati, na pamoja nazo huja malalamiko yale yale. Mzazi amempeleka mtoto wa mwaka mmoja na nusu, ameambiwa kuwa ni nimonia, kisha kwenye dirisha la dawa anakabidhiwa vidonge. Wengi hudhani kwamba dawa ya maji imekwisha na kwamba wamepewa dawa za watu wazima ili wasirudi mikono mitupu. Baadhi huenda moja kwa moja duka la dawa kununua chupa kwa fedha yao. Wengine hufika nyumbani wakasaga kidonge kati ya vijiko viwili, wakambana mtoto pua na kummiminia. Mtoto anatema, anatapika, analia hadi anakauka sauti, na ifikapo siku ya pili dawa imeachwa kwa maelezo kwamba mtoto huyu hapendi dawa.

Maelezo hayo yanachanganya mambo manne yasiyofanana. Mtoto anaweza kuwa anakataa ladha. Anaweza kuwa anakataa kiasi kilichoingizwa kinywani kwa mara moja. Anaweza kuwa anakataa namna anavyoshikwa. Na anaweza kuwa hakatai kabisa, bali ameshindwa kunywa kwa sababu ugonjwa umemzidi nguvu. Matatu ya kwanza hutatuliwa nyumbani kwa utulivu na maarifa kidogo, lakini la nne ni la kuondoka nalo kwenda hospitali saa hiyo hiyo, hata kama ni usiku. Mzazi anayeyaona yote manne kuwa ukaidi wa mtoto anaweza kupoteza muda ambao mtoto hana.

Kabla ya kuendelea, tuelewane kuhusu maneno. Dozi, katika makala haya, ni kiasi anachopewa mtoto kwa mara moja. Dozi kamili ni jumla ya siku zote alizoandikiwa. Dawa ya maji ni ile ya chupa, ama iliyotoka kiwandani ikiwa tayari, ama iliyokuja kama unga wa kuchanganywa na maji. Kidonge cha kuyeyuka ni kidonge kilichotengenezwa mahususi kwa ajili ya watoto, ambacho hakimezwi kizima bali huwekwa kwenye maji kidogo kikasambaratika chenyewe. Hiki cha mwisho ndicho kinachowachanganya watu wengi, kwa sababu kwa macho hakitofautiani sana na kidonge cha mtu mzima.

Tuanze na ulimi. Binadamu ana aina zipatazo 25 za vipokezi vinavyotambua ladha chungu, na kazi yake ni ya kulinda uhai, kwa kuwa mimea mingi yenye sumu ni michungu. Mtoto mdogo huitikia uchungu huo kwa ukali kuliko mtu mzima, na wakati huo huo huvutiwa na utamu kuliko mtu mzima. Zaidi ya hapo, watoto wenyewe hawalingani: kuna tofauti za kurithi zinazomfanya mmoja asikie uchungu mkali mahali ambapo ndugu yake wa tumbo moja hasikii kitu cha kumsumbua. Kwa hiyo kumwambia mtoto "mbona dada yako alikunywa" si haki hata kidogo, maana huenda dada yake hakuonja kile anachokionja yeye. Mtoto anayetema dawa chungu anafanya kile ambacho mwili wake umeumbwa kufanya, na mzazi akilielewa hilo, hasira hupungua kabla hata kijiko hakijashikwa.

Hapa pana imani iliyokomaa miongoni mwetu, kwamba dawa chungu ndiyo yenye nguvu na tamu ni ya kubembelezea tu. Huenda inatokana na mwarobaini na mizizi tuliyonyweshwa utotoni. Ukweli ni kwamba ladha hutokana na kemikali yenyewe na namna kiwanda kilivyoifunika, na haipimi nguvu ya dawa. ALu, dawa mseto ya malaria, ni mfano mzuri: toleo lake la watoto lenye ladha ya tunda, linaloyeyuka kwenye maji, lilianza kutolewa mwaka 2009, na viambato vyake viwili ni vile vile vilivyomo katika kidonge cha kawaida. Mzazi wa Kyela, ambako malaria ni ya kawaida kuliko kule juu Makete, hana sababu ya kukitilia shaka kidonge cha mwanawe kwa kuwa tu mtoto amekifurahia.

Sasa turudi kwenye dirisha la dawa. Mtoto wa chini ya miaka mitano mwenye nimonia isiyohitaji kulazwa hupewa amoksisilini ya vidonge vya kuyeyuka vya miligramu 250 kwa sababu hiyo ndiyo njia inayopendekezwa na Shirika la Afya Duniani, wala si kwa sababu chupa zimekosekana. Kidonge kina kiasi kilichopimwa tayari, hakihitaji jokofu, ni chepesi kusafirisha hadi zahanati ya kijijini, na hakiharibiki upesi kama unga uliokwisha kuchanganywa na maji. Mapendekezo hayo hutoa kidonge kimoja asubuhi na kimoja jioni kwa mtoto wa miezi 2 hadi kabla hajatimiza mwaka, viwili viwili kwa mtoto wa mwaka mmoja hadi kabla ya miaka mitatu, na vitatu vitatu kwa wa miaka mitatu hadi mitano. Ninaviandika viwango hivi kwa sababu moja tu: mzazi anapoona vidonge vitatu kwa mtoto mmoja, mara nyingi huingiwa na huruma akavipunguza mwenyewe. Havijakosewa. Idadi ya mtoto wako ni ile aliyokuandikia mtoa huduma baada ya kumpima uzito, na kama inakutia wasiwasi, uliza pale pale kabla hujaondoka.

Kukiandaa ni kazi ndogo inayotaka subira. Chukua kijiko kikubwa cha chakula kilichooshwa vizuri, weka kidonge katikati, kisha mimina maji safi ya kunywa hadi kikaribie kufunikwa. Kwa mtoto anayenyonya unaweza kutumia maziwa ya mama yaliyokamuliwa. Acha. Usikiponde na wala usikikoroge kwa nguvu, zungusha kijiko taratibu tu. Utaona kingo za kidonge zikianza kumeguka, kisha kinatandazika kama uji mwepesi. Mpe mtoto, halafu ongeza maji kidogo kwenye kijiko hicho hicho, sukasuka, umpe na hayo pia, kwa sababu dawa nyingi hubaki imegandamana kwenye kijiko. Ni vizuri sana kuomba dozi ya kwanza itolewe pale pale kituoni, mbele ya mhudumu, ili uone kwa macho yako namna inavyofanywa na ili mtoto akitapika apewe nyingine bila wewe kupungukiwa na vidonge vya nyumbani.

Vidonge vya zinki vya mtoto anayeharisha huandaliwa namna hiyo hiyo. Hivi hutolewa pamoja na maji ya chumvichumvi ya ORS, mara moja kwa siku, kwa siku 10 hadi 14: kidonge kizima cha miligramu 20, au nusu yake kwa mtoto wa chini ya miezi 6. Tatizo lake ni la namna nyingine. Kuharisha hukoma siku ya tatu, mtoto amechangamka na amerudi kwenye nguvu zake za kusukuma mikono, mzazi naye haoni kwa nini agombane na mtoto mzima. Siku zilizobaki zinahitajika kwa sababu zinki inaendelea kumsaidia mtoto asiharishe tena katika miezi inayofuata.

Kwa wanaopewa dawa ya maji, kosa kubwa liko kwenye kipimo. Vijiko vya chai vya majumbani havilingani, na kile kilichomo kabatini kwako huenda kikabeba pungufu au zaidi ya mililita 5. Tumia kijiko au kikombe kidogo kilichokuja na chupa, au omba bomba jipya la sindano lisilo na sindano yenyewe, ambalo lina mistari ya mililita. Kama lina kifuniko kidogo mbele, kiondoe na ukitupe, kwa kuwa kinaweza kumrukia mtoto kooni. Ikiwa chupa ina unga, tumia maji yaliyochemshwa yakapoa kabisa, yafike kwenye alama baada ya povu kutulia, na tikisa chupa kila mara kabla ya kupima. Usipotikisa, siku za mwanzo mtoto atakunywa maji matamu na siku za mwisho atakutana na dawa nzito iliyotuama chini.

Sasa kumshika. Kumbana mtoto pua ili afungue mdomo ni desturi iliyoenea, wanaoifanya wanaifanya kwa mapenzi, na ni hatari. Mtoto anayelia huvuta pumzi kwa nguvu na kwa ghafla. Ukimbana pua, mdomo unabaki kuwa njia yake pekee ya hewa, na dawa iliyomiminwa wakati huo huifuata hewa badala ya kufuata chakula. Mtoto anapaliwa, na kilichoingia mapafuni kinaweza kumletea nimonia nyingine juu ya ile anayotibiwa. Vivyo hivyo kumlaza chali kabisa, au kumfumbata na kanga hadi asiweze kugeuza kichwa, kisha kummiminia kijiko kizima kooni. Sioni hali ya nyumbani inayohalalisha jambo hilo.

Namna salama ni hii. Kaa mahali ulipoegemea, mweke mtoto mapajani akiwa ameketi nusu wima, kichwa chake kikiwa kwenye kiwiko chako. Mkono wake mmoja upite nyuma ya mgongo wako, ule mwingine uushike kwa kiganja bila kuuminya. Ingiza ncha ya bomba pembeni mwa mdomo, kati ya fizi na shavu, si katikati ya ulimi na si kooni. Sukuma mililita moja au pungufu, ngoja uone koo likipanda na kushuka, kisha endelea. Wanaolima bustani kwenye miteremko ya Uporoto wanaijua kanuni hii bila kufundishwa: ukimwaga ndoo kwa mara moja maji yote hukimbilia bondeni, ukimwagilia kidogo kidogo udongo hunywa. Mililita 5 zinaweza kuchukua dakika mbili au tatu, na hakuna ubaya. Akianza kulia kwa kwikwi, simama hadi atulie.

Uchungu unaweza kupunguzwa pia. Kijiko cha kitu baridi kabla ya dawa hupunguza makali ya ladha kwenye ulimi, na baada ya dawa kitu kitamu au maji huondoa mabaki. Najua bibi wengi wa huku kwetu watakataa maji ya baridi yasimkaribie mtoto mwenye kikohozi. Lakini nimonia husababishwa na vijidudu, si na kijiko kimoja cha maji baridi, na kama familia haina amani na jambo hilo, liache tu, kwani si la lazima. Asali ni marufuku kwa mtoto ambaye hajatimiza mwaka mmoja, hata tone, kwa kuwa inaweza kubeba vimelea vinavyotengeneza sumu ndani ya utumbo wake mchanga.

Kuchanganya dawa na chakula kunaruhusiwa kwa dawa nyingi, kwa masharti. Tumia kijiko kimoja cha chakula laini, parachichi lililopondwa kwa mfano, ambalo Rungwe na Njombe halikosekani, na hakikisha amekimaliza chote. Ukiiweka dawa kwenye bakuli zima la uji, mtoto akala nusu, hutajua amepata kiasi gani, na zaidi ya hayo anaweza kuuchukia uji wenyewe, ambao ndio chakula chake cha kila siku. Kwa ALu chakula chenye mafuta ni sehemu ya tiba, kwa sababu kiambato chake kimoja huingia mwilini vizuri zaidi pamoja na mafuta. Maziwa au parachichi hutosha, na anayenyonya anyonyeshwe. Usisage wala kufungua kidonge kingine chochote bila kumuuliza mfamasia, kwa kuwa vipo vilivyotengenezwa kuachia dawa polepole, na ukivivunja dawa yote huachiwa kwa mkupuo.

Mtoto aliyekwisha kuelewa maneno apewe maneno ya kweli. Usimwambie ni pipi. Siku moja atakutana na vidonge vya bibi vya shinikizo la damu kwenye kabati, na atavila kama pipi. Mwambie kuwa ni dawa, ni chungu kidogo, na baada yake kuna maji. Mpe uchaguzi mdogo usiogusa dawa yenyewe: "Baba, utakaa kwa mama au kwa bibi?" "Utashika kijiko mwenyewe?" Kunywa au kutokunywa kusiwe sehemu ya uchaguzi huo, na usimtishie kwa daktari wala kwa sindano, maana kesho utamhitaji amwamini mtu huyo huyo.

Kuna familia ambazo jambo hili haliishi baada ya siku tano. Njombe, Iringa na Mbeya ni miongoni mwa mikoa yenye kiwango kikubwa zaidi cha maambukizi ya VVU nchini, na wapo watoto wanaokunywa dawa za kufubaza virusi kila siku ya maisha yao. Kwa miaka mingi wadogo kati yao walipewa lopinavir na ritonavir ya maji, dawa iliyokuwa chungu mno. Mwaka 2020 viliidhinishwa vidonge vya dolutegravir vya miligramu 10 vinavyoyeyuka, vyenye ladha ya stroberi, na kwa mlezi aliyekuwa akipambana na mtoto asubuhi na jioni hiyo ni nafuu kubwa. Katika nyumba kama hizi nguvu hazifai kabisa, kwa sababu anayelazimishwa leo atalazimika kuinywa dawa hiyo akiwa na miaka 15, peke yake, bila mtu wa kumshika.

Wazazi waliochoka huomba sindano. Hoja yao ni kwamba sindano haitemwi na tena ni kali zaidi. La kwanza ni kweli, la pili si kweli kwa nimonia isiyo na dalili za hatari. Utafiti uliofanyika katika nchi kadhaa ulionyesha kuwa amoksisilini ya kunywa huwaponya watoto hao sawa na penisilini ya sindano, na mwaka 2014 Shirika la Afya Duniani likarekebisha miongozo yake ili hata mtoto ambaye kifua kinabonyea kwa ndani anapopumua, lakini hana dalili ya hatari, atibiwe kwa dawa ya kunywa nyumbani baada ya kupimwa kituoni. Sindano inabaki kwa ajili ya mtoto asiyeweza kunywa au aliye mahututi.

Akitapika, tazama saa. Miongozo ya kutibu watoto inataka ALu irudiwe iwapo ametapika ndani ya saa moja. Kwa dawa nyingine muulize aliyekupa, na usirudie parasetamoli kwa kukisia, kwa kuwa ikizidi huumiza ini. Nyumba yenye mama, shangazi na bibi ina hatari yake ya pekee: kila mmoja anadhani mtoto alikataa kwa mwenzake, kila mmoja anampa. Karatasi iliyobandikwa ukutani, yenye saa na jina la aliyetoa dozi, inatosha kuliondoa tatizo hilo.

Imebaki tofauti niliyoitaja mwanzoni. Mtoto anayekataa dawa ana nguvu: anafumba midomo, anageuza shingo, anasukuma mkono, analia kwa sauti, na ukimpa titi au maji anayapokea. Mtoto aliyeshindwa kunywa ni mwingine. Dawa inamtoka pembeni mwa mdomo bila yeye kupambana, titi halishiki, maji hayamezi. Au anatapika kila kinachoingia, amepata degedege, amelegea kiasi cha kutoamka vizuri, au hana fahamu. Hizo ndizo dalili za hatari, na moja tu inatosha. Kwa mtoto mwenye kikohozi, hesabu pia pumzi zake kwa dakika nzima akiwa ametulia: kuanzia 50 kwa mtoto wa miezi 2 hadi 11, au kuanzia 40 kwa wa mwaka mmoja hadi mitano, ni nyingi mno, na kama tayari yuko kwenye dawa na zinaongezeka, arudishwe kituoni.

Mtoto wa namna hiyo asipewe tena kitu chochote mdomoni kwa nguvu. Mfunike apate joto, beba kadi yake ya kliniki na pakiti ya dawa alizokuwa akitumia pamoja na vidonge vilivyobaki, na mtakapofika mweleze mhudumu ni saa ngapi alipomeza dozi ya mwisho iliyokaa tumboni, kwa kuwa hilo ndilo litakalomsaidia kuamua aanzie wapi.